Mwani wa Mlimani

Mimi ni mtu wa hasira, ila hasira zangu huchelewa. Hufika watu wakiwa wamekwisha kula na kunawa. Nasema hivyo mapema ili usije ukadhani nilikuwa shujaa katika habari hii ya kilima cha Kemoharo.

Mwaka wa sabini na tano nilikuwa bwana shamba wa tarafa ya Nyamuhara, Tarime, milimani kabisa, mahali ambapo mwezi wa saba mtu hulala na sweta. Kwetu ni Nyambureti, ng'ambo ya Mto Mara, kwa hiyo Wakurya wa pale walinihesabu mgeni nusu. Mkubwa wangu alikuwa mgeni mzima. Ndugu Athanas, katibu tarafa, alikuwa Mhaya wa Bukoba, mtu nadhifu, shati limepigwa pasi hata siku ya mvua, na mfuko wa shati haukukosa buni za kahawa zilizokaushwa. Ukiingia ofisini kwake, kabla hujaulizwa shida yako unapewa buni mbili tatu utafune. Ndiyo heshima ya kwao.

Siku moja askari alituletea ujumbe uliopokelewa kwa redio ya polisi, umeandikwa kwa penseli. Ulikuwa umepita mikono mingi kabla ya kutufikia. Athanas aliusoma amesimama, halafu akanisomea: "Teueni eneo la ekari mia tatu kwa kilimo kikubwa cha mwani. Lisiwe na makazi wala shughuli nyingine. Mtaalamu atafika tarehe kumi na nane."

Akaketi. Uso wake uling'aa kama wa mtu aliyeitwa jina lake la utotoni.

"Filemoni, umesikia? Mwani! Kwetu kahawa ndiyo amwani. Hatimaye Kiswahili kimetukumbuka na sisi. Neno ikulu walilichukua kwa Wanyamwezi, sasa wamekuja kwetu."

Mimi nilisomea kilimo Tanga. Jumapili tulikuwa tukishuka ufukweni, maji yakipwa, na kuwakuta akina mama wameinama wanakusanya majani fulani ya baharini, mengine mekundu, mengine ya kijani, wanayaanika juu ya mchanga ili wakauze. Nimeyakanyaga kwa miguu yangu, nikateleza nikaanguka, wakanicheka. Yale majani ndiyo mwani. Kwa hiyo nilijua. Nilijua siku ile ile, saa ile ile, buni yake ikiwa bado mdomoni mwangu.

"Ndugu Katibu," nikasema, "mwani ninaoujua mimi..."

"Unaoujua wewe?" Akacheka, kwanza bila ubaya. "Mimi nimetafunishwa amwani kabla sijaota meno. Wewe wa ulezi na mihogo utanifundisha kahawa?" Kisha akaacha kucheka. "Au unataka kupinga?"

Neno kupinga lilikuwa na uzito wake mwaka ule. Bwana shamba aliyenitangulia alisema kwenye mkutano kwamba mahali palipochaguliwa kwa kijiji kipya hapana maji. Ikaandikwa kwamba anapinga Operesheni ya kuhamishia watu vijijini, na nilipofika mimi alikuwa kwao anachunga mbuzi. Nami nilikuwa na mama mgonjwa Nyambureti na wadogo zangu shuleni. Nikatafuna buni yangu, nikameza.

Baada ya wiki ikaja fomu. Hapo nilifurahi kimoyomoyo, kwa sababu niliona fomu itasema kile nilichoshindwa kusema. Ilikuwa na maswali ambayo hakuna kahawa duniani ingeweza kuyajibu. Athanas alinipa kalamu, akawa anasoma na kunitamkia majibu.

"Kina cha maji wakati wa kupwa." Akafikiri. "Kupwa ndiyo kiangazi, sivyo? Andika: visima, futi ishirini."

Nikaandika.

"Je, kuna chumvi ya kutosha? Hee, hawa wametujali kweli. Andika: chumvi inapatikana duka la ushirika."

Hilo nalo nikaliandika.

"Je, eneo limekingwa na upepo mkali? Andika: ndiyo, kwa migomba na miti." Akageuza ukurasa. "Mwisho, sahihi ya bwana shamba kuthibitisha kwamba eneo linafaa. Hapo ni wewe."

Jina langu liko kwenye karatasi ile: Eneo la Kemoharo linafaa kwa kilimo cha mwani. Nilijiambia mtaalamu akifika atacheka, tutacheka wote, mambo yataisha. Nilisahau sentensi moja tu ya ule ujumbe, ile iliyosema lisiwe na makazi.

Juu ya Kemoharo kulikuwa na miji tisa, na mji kwa watu wa kule ni nyumba, zizi na ghala za familia moja. Operesheni ya kwanza ilikuwa imeiruka kwa sababu iko karibu na kijiji kipya kilichokuwa bondeni. Sasa ikaamriwa ishuke. Nilipanda na mnyororo wa kupimia na mzigo wa vigingi, na kigingi cha saba kiliangukia katikati ya zizi la mama mmoja aitwaye Ghati.

Alitoka akiwa na kata ya uji mkononi. Mama mrefu, mkavu, sikio limetobolewa tundu la kupitisha kidole.

"Mura," aliniita, yaani kijana, "hii miti unapiga kwangu ni ya nini?"

"Shikamoo, mama. Ni mpaka wa shamba."

"Marahaba. Shamba ya nini?"

"Ya mwani."

"Mwani ndiyo nini?"

Nikamwangalia. Angekuwa mtu wa kwanza kuambiwa. "Ni zao, mama," nikasema.

"Inaliwa?"

"Sina hakika."

"Bwana shamba hana hakika!" Alicheka, akanipa ule uji. "Kunywa. Njaa inakusumbua akili."

Nilikunywa. Akatoka ndani ya nyumba msichana mwenye mimba kubwa, akachukua kata, akarudi. Nikauliza kama ni mkwewe.

"Si mkwe," alisema Ghati. "Ni mke wangu. Rhobi. Mimi nimemuoa."

Alisema nimemuoa, hakukosea. Wakurya wana ndoa hiyo, wanaiita nyumba ntobu. Mjane asiye na mtoto wa kiume hutoa ng'ombe zake mwenyewe, akaoa msichana, na mtoto atakayezaliwa ni wa nyumba ile, anabeba jina la marehemu. Mume wa Ghati aliitwa Nyangwine. Alikufa bila mtoto hata mmoja, na kilichobaki chake duniani ni mji ule na hilo tumbo la Rhobi.

"Sasa sikia shida yangu," aliniambia. "Nimeshuka huko chini kuandikishwa kiwanja. Karani ananiuliza, mwanamume wa kaya ni nani? Nikamwambia ni mimi. Akacheka mpaka kalamu ikaanguka. Halafu akaandika Joram."

Joram alikuwa mdogo wa marehemu, mtu wa kunywa na kudai. Tangu kaka yake azikwe alikuwa akisema kwamba mwanamke hawezi kushika mji.

"Mtoto akizaliwa hapa, ni wa Nyangwine," Ghati akaendelea. "Hii mlango inajulikana. Akizaliwa huko chini kwa kaya ya Joram, ni wa Joram, pamoja na ng'ombe na mimi mwenyewe. Nyangwine atakuwa amekufa mara ya pili. Rhobi amebakiza siku chache. Niombee kwa mkubwa wako siku hizo tu."

Niliahidi. Nilishuka nikarudia maneno yake ofisini, na Athanas akanijibu kwamba mgeni anakuja tarehe kumi na nane na hawezi kuonyeshwa shamba lenye mtu mmoja katikati. Sikusema la pili. Nilirudi kwa Ghati mara mbili zaidi kupima, mara zote mbili akanipa uji, mara zote mbili nikanywa na kusema bado ninamwombea. Ule uji naukumbuka kwa aibu hadi leo.

Hadi tarehe kumi na saba miji minane ilikuwa imeshuka. Watu walibeba milango yao kichwani. Mama mmoja alinipita na mafiga yake matatu ndani ya karai, akaniamkia kwa adabu, kana kwamba nilikuwa nimekuja kumsaidia.

Asubuhi ya kumi na nane tulipanda mgambo sita, Athanas na mimi. Joram alikuwa amekwisha fika, ameketi juu ya ukuta wa zizi, amevaa koti. Ghati alikuwa mlangoni, ameketi chini, miguu ameinyoosha kuziba njia.

"Mama, tunakuomba utoke," alisema Athanas. Hakuwa mtu mkali. Alisema kwa upole, na upole ule ulinitisha zaidi. "Mgeni wa serikali anafika saa sita. Vitu vyako vitabebwa, hakuna kitakachopotea."

"Rhobi yuko ndani. Uchungu umeanza alfajiri."

"Ndiyo maana ashushwe mapema, kwa shemeji yako kuna nafasi."

"Ipo," Joram akaitikia kutoka zizini. "Kitanda kipo."

Ghati hakumtazama. "Hatoki," alisema.

Athanas alitazama saa yake, akawapungia mgambo mkono. Wawili walipanda juu wakaanza kufumua nyasi. Zilidondoka kichwani mwa Ghati, naye hakuzipangusa. Ndani tukamsikia Rhobi akipumua kwa nguvu, kisha akanyamaza, kisha akaanza tena. Nyasi za upande mmoja zilipokwisha, mgambo wa tatu akazunguka nyuma na panga kukata nguzo za ukuta.

Nguzo ya kwanza ilikatika. Paa likainama. Rhobi akapiga kelele, na hapo hasira yangu ikafika, imechelewa kama kawaida yake.

"Acheni!" nikasema. "Ndugu Katibu, mwani si kahawa!"

Athanas akageuka. "Nini?"

"Mwani ni majani ya baharini. Yanaota ndani ya maji ya chumvi. Hapa hayawezi kuota, wala bondeni, wala popote Tarime. Waambie washuke."

Athanas alinikaribia mpaka nikasikia harufu ya buni.

"Unasema leo," alisema polepole, "saa tano na nusu ya siku ya mgeni. Unataka nionekane mjinga. Nani amekutuma?"

"Hakuna. Soma fomu."

"Endeleeni," akawaambia mgambo, bila kuniondolea macho.

Mgambo wa panga hakuendelea. Alisimama anatutazama mmoja mmoja. "Afande," akauliza, "ile ya kuendelea ni amri? Maana mwanamke anazaa humu."

Athanas alikuwa na faili kwapani. Akalifungua, pengine ili kunionyesha sahihi yangu, na nakala ya fomu ikawa juu. Nilimwona akisoma. Midomo ilikuwa ikitembea. Kina cha maji wakati wa kupwa. Akarudia. Alipofika kwenye chumvi na duka la ushirika, midomo ilisimama, akabaki amekodolea macho pale pale. Shati lake lilianza kulowa kwapani. Mimi nilikuwa naomba Mungu asome haraka, kwa sababu nguzo ya pili ilikuwa inalia.

"Shukeni," alisema mwishowe. Sauti haikutoka vizuri, akakohoa. "Shukeni wote. Egemezeni lile paa."

Tulikata mti tukalitegemeza, mimi na mgambo wawili. Joram alikuwa akiuliza kuna nini. Tukiwa bado tumeshika mti ule, Landrova ikanguruma mteremkoni ikaja kusimama kando ya zizi.

Mtaalamu alikuwa mwanamke, Bibi Agustina, mtu wa Lindi. Alishuka na ndoo, kamba, na mrija wa kioo wa kupimia chumvi ya maji. Alitazama kilima, akatazama ng'ombe, akatazama nyumba iliyovuliwa nyasi nusu.

"Hodi jamani. Samahanini, maji yako wapi?"

Kisha akajieleza mwenyewe, kwa utulivu, akidhani hatujamwelewa. Mwani hutaka maji ya bahari. Mdomo wa mto haufai, maji yasiyo na chumvi huuua. Chini pawe mchanga, na maji yakipwa yabaki ya magotini, yasikauke. Mawimbi yasiwe makali yakakata kamba. Huko mjini mtu fulani alifungua ramani, akaona wilaya yetu imegusa rangi ya bluu, akadhani bluu zote ni moja.

"Mimi nilitegemea mnipeleke ziwani niandike kwamba hapafai, nirudi zangu," alisema. "Hata ziwa halina chumvi. Lakini hapa!" Akaichukua ile fomu mkononi mwa Athanas, akaisoma, na hakucheka kama nilivyokuwa nimejiahidi. "Nani alithibitisha kwamba kilima hiki kinafaa?"

"Mimi," nikasema.

"Ulikuwa hujui mwani ni nini?"

Ningesema sikujua. Ilikuwa rahisi, na Athanas alikuwa ananitazama kana kwamba ananiomba niseme hivyo, tuwe wajinga wawili.

"Nilijua," nikasema. "Tangu siku ya kwanza."

Ghati alikuwa bado mlangoni na nyasi kichwani. Alinyanyua uso akanitazama. Kisha akainuka akaingia ndani kwa Rhobi.

Mtaalamu aliandika neno moja, Halifai, akatia sahihi, akaenda kukaa kivulini na dereva wake. Athanas akanishika mkono akanivuta nyuma ya gari. Macho yalikuwa mekundu.

"Filemoni, miji minane," alisema. "Nimewashusha watu kwa neno la lugha ya bibi yangu. Nikiandika hivyo, nimekwisha." Akajipangusa uso. "Naweza kusema kilima kilitakiwa kwa kahawa tangu mwanzo. Kahawa inakubali hapa, hakuna atakayebisha. Mama huyu atashuka kesho. Au wewe uandike barua kwamba ulinidanganya. Mimi nitawarudisha wote, na daftari la kaya nitalirekebisha kwa mkono wangu."

"Na jina la Ghati?"

"Na jina la Ghati."

Niliandika barua juu ya boneti ya Landrova, na haikuwa uongo sana. Athanas naye alitimiza. Alimwita karani apande na daftari, akafuta jina la Joram mbele ya Joram mwenyewe, akauliza kwa sauti mlangoni, "Mkuu wa kaya ni nani?" Kutoka ndani, katikati ya vilio vya Rhobi, Ghati akajibu, "Ghati, wa Nyangwine." Akaandika hivyo hivyo. Joram alishuka kilima bila kuaga, na kabla ya jua kuzama mtoto wa kiume alizaliwa chini ya paa lenye nyasi nusu.

Kati ya miji ile minane, mitano ilirudi. Mitatu haikurudi, milango ilikwisha fanywa kuni.

Siku ya nne nilikuwa kando ya barabara na sanduku langu, nangoja basi, kazi sina. Nilimwona Ghati akiteremka peke yake, anatembea haraka. Moyo wangu ulifurahi, nitasema ukweli. Nilidhani amekuja kunishukuru. Nilikuwa nimekwisha tayarisha maneno ya unyenyekevu, kwamba si kitu, kwamba mtu yeyote angefanya hivyo.

"Shikamoo, mama. Mtoto hajambo?"

"Hajambo." Alisimama mbali kidogo, hakunipa mkono. "Yule Mhaya amekuja jana kutengeneza paa. Amepanda juu mwenyewe na shati yake. Nimempa uji, akanieleza yote."

"Vizuri, mama."

"Sina ugomvi naye. Yeye alidanganywa na lugha ya mama yake." Basi lilikuwa limetokea kwenye kona, vumbi linakuja. "Wewe ulikunywa kwangu mara tatu, na unajua. Nimekuja kukuuliza. Wewe ulidanganywa na nani?"

Basi likasimama, utingo akachukua sanduku langu. Nilitaka kumwambia ni woga tu, mama. Hata hilo niliogopa kulisema, nikapanda.